Baba Yetu, Fundi wa Chokaa

Maneno ya watoto wa marehemu katika hafla ya mwaka ya kuchangia maendeleo ya Makunduchi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Jumuiya imetuomba tuseme machache juu ya marehemu baba yetu, kwa kuwa mchango wa mwaka huu ni wa kuwafundisha vijana wetu ufundi wa chokaa, na yeye aliishi kwa kazi hiyo. Tumekubali kwa furaha. Anayesoma ni mmoja, lakini ndugu sote tulikaa barazani tukakumbushana, na haya ni maneno yetu sote.

Baba alizaliwa kwetu huku, katika nchi ya uwanda, ambako jembe hugonga jiwe. Jiwe hilo hilo ndilo lililomlisha. Alipokuwa mdogo aliwasaidia wazee wake kwenye tanuu: kuni chini, mawe ya matumbawe juu, moto usiku na mchana mpaka mawe yawe meupe na mepesi. Yakimiminiwa maji yanachemka yenyewe na kufura. Kisha chokaa hulazwa, na kadiri inavyolala ndivyo inavyolainika na kushika vyema. Baba akisema kuwa subira alijifunza hapo, hata kabla hajapelekwa chuoni.

Miaka ya mwisho kabla ya Mapinduzi ya 1964 alikwenda mjini kuwa saidia fundi. Sisi tulikulia Ng'ambo, lakini kazi yake ilikuwa Mji Mkongwe: Shangani, Malindi, Kiponda, Mkunazini. Baada ya 1964 nyumba nyingi za mawe zilibaki hazina wa kuzitunza. Familia kadhaa zikaishi nyumba moja. Masika yakipita, ukuta unavimba, boriti inaoza, dari linashuka. Wapangaji wengi hawakuwa na uwezo wa kuita fundi. Baba akitoka kazini alasiri alipita kwao na karai lake akaziba nyufa. Malipo yake yalikuwa kikombe cha chai, na siku nyingine dua tu. Mama alipomwuliza kwa nini anachelewa kwa kazi isiyo na ujira, alimjibu, "Kuna watoto wanalala chini ya boriti ile." Mama hakuuliza tena.

Hatukumbuki kumsikia akipaza sauti. Kijana wake akipanga mawe vibaya, hakumwaibisha mbele ya wenzake. Alingoja wengine waende kula, wakabomoa wawili wale, wakajenga upya, na waliporudi wenzao waliukuta ukuta umenyooka. Mikono yake iliungua na chokaa, ikakwaruza kama msasa. Kila jioni aliipaka mafuta ya nazi kabla ya kutushika, ili isituumize. Siku za sikukuu, tukirudi Mnazi Mmoja na vitu vyetu vya kuchezea, alitupitisha vichochoroni akatuwekesha viganja ukutani. "Sikieni ubaridi huu," akisema. "Ukuta huu unapumua."

Tulidhani ni maneno ya kutufurahisha watoto. Kumbe ni ufundi. Kuta za Mji Mkongwe ni nene, za mawe ya matumbawe, chokaa na udongo. Hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa jua likiwaka. Chokaa huuachia unyevu njia. Ukizipaka saruji, maji yanafungwa ndani, yanakula ukuta na kuozesha ncha za boriti. Kwa nje unaona nyumba nzuri. Watu husema asiyeziba ufa hujenga ukuta. Baba akiongeza, "Na anayeuziba kwa saruji atajenga mara mbili."

Miaka ya 1990, wageni walipozidi na nyumba nyingi zikageuzwa hoteli, mwenye nyumba mmoja alimtaka apige saruji ukuta mzima ili kazi iishe kabla ya msimu. Baba alimweleza kwa upole, mara mbili. Yule bwana alimwondoa akaweka mafundi wengine. Mwezi ule nyumbani tulikula muhogo zaidi kuliko wali. Masika ya pili plasta ikabanduka vipande vipande, na bwana yule akaja mwenyewe mpaka barazani kwetu. Sisi watoto tulingoja Baba amkumbushe. Alimkaribisha chai, kisha akauliza, "Boriti za juu zimefika wapi?" Asubuhi yake akaenda kazini.

Serikali ilipounda Mamlaka ya Mji Mkongwe mwaka 1985, alifurahi kuwa sasa kuna wa kuuliza juu ya nyumba hizi. UNESCO ilipouingiza mji katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, alisikiliza habari redioni mpaka mwisho, akasema, "Vyema. Na masika yakija, nani atapaka chokaa?"

Swali hilo ametuachia. Hakuwahi kuiona tarehe 25 Disemba 2020, siku sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ilipoporomoka na watu wawili wakafariki. Siku ile tulipigiana simu, na sote tulimtaja yeye. Jumba kubwa lina wa kulililia duniani kote. Nyumba ndogo za vichochoroni, zinazokaliwa na watu wasio na uwezo, zinamtegemea fundi anayejua na mwenye huruma.

Wenzake wengi wametangulia mbele ya haki. Sisi wanawe alitupeleka skuli, tukawa walimu, wauguzi na makarani. Mwiko wake umetundikwa ukutani. Lakini hapa kwetu wapo vijana wasio na kazi, na mawe yale yale yapo chini ya miguu yao. Wanahitaji mwiko, timazi, karai, nauli ya kwenda mjini, na mzee wa kukaa naye kabla wazee hawajaisha. Mchango wenu wa leo ni kwa ajili ya hayo. Atakayetoa kidogo asione haya. Baba hakuwahi kuhesabu kikombe cha chai kuwa ni kidogo.

Na kijana atakayefunzwa, tunamwomba jambo moja: akimaliza kazi ya ujira, apite na nyumba moja ya mtu asiyeweza kumlipa.

Mwenyezi Mungu amrehemu baba yetu, awarehemu wazee wetu wote, na aibariki Makunduchi.