Gazeti la Vijana wa Ludlow



Nimetakiwa niseme machache juu ya gazeti letu. Naomba nianze na gazeti la wenzetu.

Mwaka 1982 ilitoka Uingereza kompyuta ndogo ya nyumbani, Sinclair ZX Spectrum. Hata ile ya bei kubwa wakati huo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 48 tu, na michezo yake ilihifadhiwa katika kaseti kama zile za muziki. Mwaka 1984, katika mji mdogo wa Ludlow, likaanzishwa Crash, gazeti la michezo ya mashine hiyo. Wahakiki wake walikuwa wanafunzi wa pale pale mjini. Mchezo mmoja ulijaribiwa na vijana kadhaa, kila mmoja akatoa maoni yake, hata wasipokubaliana. Wasomaji waliwaamini, maana waliosema ndio waliocheza.

Gazeti lilikoma mwaka 1992. Lakini wasomaji walitunza nakala, na miaka mingi baadaye jina hilo likafufuliwa kwa michango ya wapenzi wake.

Ndugu zangu, lile lilikuwa gazeti la michezo tu. Letu lina habari za maisha yetu. Maombi yangu ni mawili. Vijana walioko madarasani sasa wapewe kurasa waandike wenyewe, hata wakitukosoa. Na kila mwenye toleo la zamani sandukuni alilete maktaba, kabla mchwa hawajalisoma kwa niaba yetu.