Kigari cha mtoto na mawe ya Qalhat

Mtoto wa miaka sita akionekana amekaa katika kigari cha kusukumwa, watu humcheka: mkubwa mzima, hana miguu? Lakini mwendo mrefu humshinda hata mtu mzima. Katika karne ya 14, Ibn Battuta, baada ya kuzuru Kilwa, alitoka Sur kwa miguu kwenda Qalhat, nchini Oman. Aliwasili miguu imemvimba ndani ya viatu, akalazimika kupumzika siku sita. Mji huo, ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, sasa ni magofu yaliyojaa mawe, na magurudumu madogo hukwama. Kigari basi kitumike katika njia tambarare za Sur. Qalhat, ziara ifupishwe, na kaburi la Bibi Maryam litoshe. Kuchoka si aibu.