Hotuba ya Mgeni Rasmi Wakati wa Kufunga Mafunzo ya Upigaji Picha kwa Vijana, Natta

Ndugu wahitimu,

Nimeisikia risala yenu. Mnaomba kamera, tena mnauliza ipi bora: Canon, Nikon au Sony? Nami nawauliza: mtapiga picha za nini?

Wa picha za pasipoti na mahafali asijitwishe mkopo mkubwa. Canon R50 au Nikon Z50 inamtosha. Wa nyumbu wanaopita Grumeti aitazame Canon R7. Kihisi chake, yaani sehemu inayopokea mwanga, ni kidogo, hivyo lenzi ya milimita 400 huvuta kama ya 640 kwenye kihisi kikubwa. Wa harusi, anayeanzia kanisani penye mwanga hafifu na kumalizia ukumbini usiku, ndiye atafute kihisi kikubwa: Canon R6, Nikon Z6 au Sony a7.

Lakini kabla ya kulipa, ishikeni. Kamera ikiwa ndogo, kidole cha mwisho hukosa pa kushika. Ukiifunga lenzi ya kilo mbili, kufikia jioni kiwiko na kifundo cha mkono vinalalamika. Jicho likiwa kwenye dirisha la kamera, je, kidole gumba kinalifikia gurudumu la mipangilio bila kupapasa? Swichi ya kuwashia ya Nikon na ya Sony imezunguka kitufe cha kupigia, unawasha na kupiga kwa mkono uleule. Canon R6 ya kwanza ina swichi kushoto, inadai mkono wa pili. Simba hatakusubiri.

Jambo la mwisho ni lenzi. Ya Canon haiingii kwenye Nikon, hata kuzungushwa kwake ni kinyume. Kila mmoja akinunua kampuni yake, hamtaazimana kitu. Kikundi chenu kichague kampuni moja: kila mtu na kamera inayofaa kazi yake, lenzi ndefu iwe ya wote. Mkishakubaliana, nileteeni muhtasari wa kikao. Lenzi hiyo nitainunua mimi.

Natta Mbiso ni miongoni mwa vijiji vinavyounda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona. Wanyama hawa tunawatunza sisi. Picha zao nazo ziuzwe na watoto wetu.

Baada ya kusema hayo, natamka rasmi kuwa mafunzo haya yamefungwa.