Mababu Walikula Nini? Mlo Usio na Nafaka na Sahani ya Mkazi wa Kipawa



Nashukuru mhadhara huu kuletwa Kipawa, Dar es Salaam. Habari za lishe huzungumzwa sana kwenye kumbi za vyuo, ilhali chakula chenyewe hununuliwa, hupikwa na kuliwa huku: kwenye magenge ya Karakata, kwenye vibanda vya chipsi kando ya Barabara ya Nyerere, na kwa jirani zetu wa Vingunguti penye machinjio.

Miaka hii ya karibuni imeingia mijini mwetu habari ya kula kama watu wa kale: nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, mizizi na asali, bila ugali, wali, mkate wala chapati. Wengine huondoa hata maharage na maziwa. Wapo majirani zetu wanaoujaribu mlo huo, wengi wao baada ya kupima na kuambiwa sukari imepanda au uzito umezidi. Wananiuliza: je, ni kweli mababu hawakula nafaka? Na je, nasi tuziache?

Jibu langu ni hili. Mababu hawakutuachia katazo la nafaka. Walituachia sahani yenye vyakula vya aina nyingi, vigumu kutafuna, vinavyobadilika kwa majira, na vilivyopatikana kwa jasho. Tulichopoteza ni hicho. Mkazi wa Kipawa anaweza kukirudisha kwa nafaka kidogo, au bila nafaka kabisa, ilimradi ajue anachokifanya.

Hoja ilikotoka

Mwaka 1975 daktari wa Marekani, Walter Voegtlin, alichapisha kitabu kilichohimiza mlo wa zama za mawe. Mwaka 1985 Boyd Eaton na Melvin Konner wakaandika katika jarida la tiba la New England kwamba miili yetu iliumbika katika maisha ya kuwinda na kuchuma, chakula chetu kikabadilika ghafla, na maradhi mengi ya leo yanatoka katika pengo hilo. Mwaka 2002 Loren Cordain aliifanya hoja hiyo kuwa kitabu cha watu wote, na ndipo katazo la nafaka lilipopata nguvu.

Nawaheshimu waliouliza swali hilo, kwa sababu ni swali la haki. Nchini Uswidi, Staffan Lindeberg na wenzake walichapisha mwaka 2007 jaribio la wiki 12 kwa wagonjwa 29 wa moyo wenye tatizo la sukari. Waliokula mlo wa kale, usio na nafaka, walipata nafuu kubwa zaidi ya sukari kuliko wenzao waliopewa mlo wa nchi za Mediterania wenye nafaka zisizokobolewa. Wagonjwa hao ni wachache na muda ni mfupi, lakini matokeo hayo hayapaswi kupuuzwa.

Hata hivyo, ukitaka kujua mababu wa binadamu walikula nini, huna haja ya kuanzia Marekani wala Uswidi. Ushahidi mkubwa uko katika ardhi yetu.

Ushahidi wa ardhi yetu

Mwaka 1959, katika bonde la Olduvai, Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus, kiumbe mwenye magego makubwa kupita kiasi. Kwa miaka mingi ilidhaniwa magego yale yalikuwa ya kuvunjia kokwa ngumu. Mwaka 2008 watafiti walipima kaboni iliyomo katika meno ya viumbe wa aina hiyo waliopatikana Tanzania, wakakuta zaidi ya robo tatu ya chakula chao ilitokana na mimea ya jamii ya nyasi na ndago. Zinjanthropus si babu yetu wa moja kwa moja, ni wa tawi la pembeni. Lakini anatuonya tusikate shauri juu ya mlo wa kale kwa kukisia.

Tuje karibu zaidi na wakati wetu. Mwaka 2009 Julio Mercader alitangaza katika jarida la Science matokeo ya pango la Ngalue, mkoani Niassa nchini Msumbiji, kusini ya mto Ruvuma. Juu ya zana za mawe za miaka ipatayo 100,000 alikuta chembe za wanga, nyingi zikiwa za mtama mwitu. Wapo wataalamu wanaosema chembe hizo hazitoshi kuthibitisha kwamba mtama ulipikwa na kuliwa. Lakini huko Ohalo, kando ya Ziwa Galilaya, mabaki ya miaka 23,000 hayana ubishi: watu wasiojua kilimo walikusanya shayiri na ngano mwitu na kuzisaga kwa mawe. Nafaka, basi, ziliingia kinywani mwa binadamu muda mrefu kabla ya jembe.

Wahadzabe

Mashahidi walio hai ni ndugu zetu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Idadi yao ni watu elfu moja na ushei, na wanaotegemea porini kwa sehemu kubwa ya chakula ni wachache zaidi. Wamefanyiwa utafiti kwa miongo mingi, kuanzia James Woodburn hadi Frank Marlowe, aliyechapisha kitabu juu yao mwaka 2010.

Chakula chao ni cha aina tano: mizizi, matunda madogo ya porini, ubuyu, nyama na asali. Wanawake huchimba mizizi kwa mti uliochongwa ncha, na baadhi ya mizizi hiyo ni migumu hata mlaji hutafuna, akameza utomvu na kutema makapi. Ubuyu hutwangwa na kuchanganywa na maji. Asali huliwa pamoja na mabuu ya nyuki, na wanaume huipata wakiongozwa na ndege wa asali, wanayemwita kwa mluzi.

Tazameni mambo matatu hapo. Kwanza, wanga haukosekani: mizizi, ubuyu na asali vyote vina wanga au sukari. Pili, mmoja wa mizizi wanayoipenda, uitwao ekwa, ni wa jamii moja na kunde, jamii ile ile ambayo vitabu vya mlo wa kale huikataza. Tatu, nyuzinyuzi: Mhadzabe hula makadirio ya gramu 80 hadi 150 kwa siku, kiasi ambacho mkazi wa mjini hakifikii hata kwa mbali.

Vipi kuhusu afya? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa shinikizo la juu la damu ni nadra kwao na mafuta katika damu ni mazuri, na kwamba hufanya kazi za kutoa jasho zaidi ya saa mbili kila siku. Lakini Herman Pontzer alipopima mwaka 2012 nishati wanayotumia kwa siku nzima, alikuta haitofautiani na ya Wamarekani na Wazungu wenye umbo kama lao. Mwendo una faida nyingi kwa moyo na misuli, ila hautafuta kila tunachokula kupita kiasi. Kinachoingia kinywani kinabaki kuwa hesabu yake yenyewe.

Majira nayo yana neno. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba bakteria wa tumboni mwa Wahadzabe hubadilika kati ya kiangazi na masika, aina nyingine zikipungua mno na kisha kurudi. Mwili wao haukufundishwa mlo mmoja wa mwaka mzima, uwe wa nyama au wa nafaka.

Pwani, migomba na mahindi

Mwaka 1331 Ibn Battuta alipita Mombasa. Aliandika kwamba wenyeji hawalimi nafaka, huletewa kutoka nje ya kisiwa, na chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Bara, Wahaya na Wachaga walijenga maisha yao juu ya mgomba. Huko Pemba, mabaki ya kale yanaonyesha watu wakitoka kwenye uwele na kuuelekea mchele kadiri miji ya Waswahili ilivyokua. Dodoma ilishika mtama na uwele. Kila mahali pana mababu wake na sahani yake.

Mahindi, tunayoyaona kama urithi wetu mkuu, ni mgeni kutoka Amerika aliyekuja na Wareno, na muhogo vilevile. Mahindi yalitawala katika karne ya 20, unga ukigawiwa kama posho kwa vibarua wa mashamba, migodi na reli. Kisha mashine zikatuletea sembe: punje imekobolewa, pumba na kiini vimeondoka pamoja na nyuzinyuzi, mafuta mazuri na vitamini, ukabaki wanga mweupe unaopandisha haraka sukari kwenye damu. Dona ni punje ileile iliyoachiwa heshima yake.

Denis Burkitt na Hugh Trowell, madaktari waliofanya kazi Uganda katikati ya karne iliyopita, waliona wagonjwa wao vijijini hawana maradhi ya utumbo mpana yaliyojaa Ulaya. Wagonjwa hao walikula ndizi, mizizi, maharage na nafaka zisizokobolewa. Kutoka hapo ulianza utafiti mkubwa wa nyuzinyuzi duniani. Ushahidi huo unaishtaki sembe na unga mweupe wa ngano; mtama na ulezi hauzigusi.

Na hatari ni ya kweli. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu asilimia 9 ya watu wazima wana kisukari na takriban mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu. Profesa Mohamed Janabi, ambaye sasa ni Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika, aliwaasa Watanzania kwa miaka mingi wapunguze kiasi cha chakula na sukari. Onyo lake ni la kushikwa.

Kujaribu hapa Kipawa

Sasa tuseme umeamua kujaribu. Mwalimu wako wa kwanza ni meza ya futari. Kila Ramadhani pwani hii hupika muhogo wa nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi, maboga, kunde na samaki. Ukiiondolea sukari na vitafunwa vya ngano, na nazi ukaitia kwa kiasi, una mlo usio na nafaka unaojulikana na kila bibi wa Dar es Salaam. Ongeza dagaa, utumbo, mayai, mchicha, matembele, kisamvu, mlenda na mnafu. Ndugu kutoka Mtwara na Lindi wataongeza ming'oko, mizizi ya porini inayochimbwa hadi leo na kuuzwa barabarani ikiwa imechemshwa.

Lakini shikeni maonyo haya. Muhogo, magimbi na viazi ni wanga pia: anayeacha ugali akahamia chipsi hajapona, na mwenye kisukari apime kiasi. Chemsha au choma, usikaange. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asikate wanga ghafla kabla ya kuonana na daktari, kwa sababu sukari inaweza kushuka hadi azimie. Mtoto mdogo asiwekwe kwenye mlo wa makatazo: asilimia 30 ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kwa takwimu za mwaka 2022, na wanahitaji aina nyingi zaidi za chakula.

Tena, kukosa nafaka hakukifanyi chakula kuwa salama. Katikati ya miaka ya 1980, wilayani Tarime, ukame uliwaacha watu na muhogo mchungu peke yake. Njaa ikawalazimisha kufupisha uandaaji na ukaushaji wake. Sumu ya sianidi ikabaki, na watu wakapooza miguu kwa ugonjwa wa konzo. Nafaka nazo zina hatari yao: mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Pande zote mbili zinafundisha jambo moja, kwamba anayetegemea chakula kimoja hana kinga kikiharibika.

Nilipojaribu mwenyewe, ugumu haukuwa njaa. Ulikuwa sinia la msibani na pilau la harusi. Kula kwetu ni kuketi pamoja, na mlo unaomtenga mtu na ndugu zake hautadumu. Namshauri anayejaribu aache nafaka katika milo ya kawaida ya nyumbani, na akialikwa ale na wenzake, kwa kiasi.

Wajibu wetu

Kwa vyuo vikuu na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, naomba tupime mlo huu kwa Watanzania: muhogo, magimbi, ndizi na dagaa, tuwape wagonjwa wetu majibu yanayowahusu. Kwa viongozi wa jiji, lindeni maeneo ya bustani za mboga mabondeni, na masoko yawe na bei inayomruhusu mama kuongeza mchicha badala ya kuongeza unga. Kwa mama lishe, wekeni dona kando ya sembe, na kiazi kando ya wali, mteja achague.

Na tunapojifunza kwa Wahadzabe, tuwalipe kwa haki. Mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya ardhi yao katika bonde la Yaeda. Hati hiyo iheshimiwe, maana misitu ikikatwa na vyanzo vya maji vikichukuliwa, nao watabaki na unga wa msaada, kama wengi wao walivyokwisha kuanza.

Ndugu zangu wa Kipawa, asiyetaka nafaka aziache kwa maarifa, anayezila azile bila kukobolewa na kwa kiasi. Wote wawili wajaze nusu ya sahani mboga za majani, watembee kila siku, na wapime sukari na shinikizo la damu kabla mwili haujalalamika.