Jukwaa la Kiganjani



Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay pamoja na wapiga ala wake, kwenda kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Alizaliwa Fumba katika familia yenye asili ya utumwa, na kabla ya kujulikana kwa uimbaji alikuwa akibeba vyungu kwenda kuviuza mjini. Huko mjini walikuwapo waliomtungia mashairi ya kejeli juu ya sura yake na nasaba yake. Santuri hazikuwasubiri. Sauti yake iliwafikia watu wa mwambao na wa bara ambao hawakuwahi kumtia machoni, na baadaye Shaaban Robert akaandika wasifu wake.

Nimemtanguliza Siti kwa sababu tunapowazungumzia vijana wanaorusha video mtandaoni ili waonekane, tunasema kana kwamba jambo hili limezuka jana. Msanii asiye na wa kumshika mkono amekuwa akikimbilia chombo kipya siku zote, kwa kuwa kwenye chombo kipya bado hakuna aliyekaa mlangoni kuchagua nani aingie. Na siku zote wamekuwapo watu wazima, wenye heshima zao, wa kumwambia kwamba hiyo si sanaa. Siku hizi tunasema "anatafuta kiki", na mjadala unaishia hapo.

Tumtazame mmoja kwa makini. Kili Paul ni kijana wa Kimasai kutoka mkoa wa Pwani. Mwishoni mwa 2021, video yake na dada yake Neema wakifuatisha kwa midomo wimbo Raataan Lambiyan, wa filamu ya Kihindi iitwayo Shershaah, ilienea India kwa kasi. Februari 2022 ubalozi wa India hapa Tanzania ulimwalika na kumpa heshima, na tarehe 27 ya mwezi huohuo Waziri Mkuu Narendra Modi aliwataja ndugu hao wawili katika hotuba yake ya redio. Hapa nyumbani, hata miongoni mwetu walimu, niliulizwa: kwani ameimba nini? Si anachezesha midomo tu?

Mimi ni mwalimu wa uigizaji, na swali hilo nalijibu bila kusita. Zima sauti, ubaki na picha peke yake. Utaona mdomo unaanza kufunguka kabla ya neno kufika, maana mwimbaji wa kweli huvuta pumzi kwanza. Mabega yanapanda pumzi inapopanda. Neno likivutwa, shingo inalegea na nyusi zinanyanyuka, lakini macho hayaiachi kamera. Anayafanya hayo kwa lugha isiyo ya kwao, amesimama nje na shuka lake, bila taa wala mwongozaji. Wanafunzi wangu wa mwaka wa pili huhangaika muhula mzima na pumzi hiyohiyo. Wala hakuokota mapenzi hayo ya nyimbo za Kihindi njiani. Majumba ya sinema ya Unguja na Dar es Salaam yalionyesha filamu za Kihindi kwa miongo mingi, na watunzi wa taarabu waliazima tuni zake. Kili Paul ni mrithi wa watazamaji wale, ila safari hii mtazamaji amejibu, na waliotengeneza filamu wamemwona.

Hayuko peke yake katika ukanda wetu. Elsa Majimbo, alipokuwa mwanafunzi Nairobi mwaka 2020, alijirekodi kwa simu akiwa na miwani midogo na pakiti ya krispi, akizicheka hoja zake mwenyewe. Mwaka huohuo akapata tuzo ya People's Choice ya nyota wa mitandao barani Afrika. Watoto wa Ghetto Kids wa Kampala, wanaolelewa na mwalimu Dauda Kavuma, walijulikana mwaka 2014 kwa video ambamo waliucheza wimbo Sitya Loss wa Eddy Kenzo kwenye vumbi, na mwaka 2023 wakafika fainali ya Britain's Got Talent kule Uingereza.

Wenye shaka wana hoja, na sitaki niipite juujuu. Mtandao humpima msanii kwa sekunde za mwanzo, kwa hiyo kijana hujifunza kupiga kelele mapema. Masimulizi ya polepole na kimya cha jukwaani, ambacho kwangu ndicho kipimo kikubwa cha mwigizaji, hayana pa kukaa. Wapo wanaowadhalilisha wazazi wao mbele ya kamera ili watu wacheke. Na kwa kila mmoja anayetoka, wapo wengi mno wanaomaliza bando wiki baada ya wiki bila mtu kuwatazama. Hayo ni kweli. Lakini mhakiki akiona kazi dhaifu huihakiki. Anasema hapa umekosea, pale umeweza. Sisi tumeisusa, dhaifu na nzuri kwa pamoja.

Dharau yetu haijamzuia kijana hata mmoja kurekodi. Imemwacha peke yake tu, na hilo ndilo linaloniuma. Akitafuta wa kumwambia ukweli kuhusu kazi yake hampati. Akipata wafuasi, wa kwanza kumfikia ni mwenye karatasi ya kusaini.

Binti mmoja mchekeshaji aliniletea mkataba aliokuwa amekwisha kuusaini. Uliandikwa Kiingereza, kurasa kadhaa. Kifungu kimoja kilimpa meneja haki ya kazi zote alizofanya na atakazofanya, dunia nzima, bila kikomo. Kingine kilimtaka akabidhi nywila za akaunti zake. Wafuasi wake aliwatafuta mwenyewe, akirekodia uani kwao jioni shughuli zikiisha, na sasa alikuwa anaomba ruhusa ili azungumze nao. Nilimuuliza kwa nini hakumwonyesha mtu kwanza. Akanijibu, "Ningemwonyesha nani, Mwalimu? Nyumbani wanasema nacheza, chuoni wanasema si sanaa."

Mambo ambayo angepaswa kuyajua yanafundishika. YouTube, kwa mfano, huanza kumgawia mtu sehemu ya fedha za matangazo akiwa na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Na ukitumia wimbo wa mtu, mwenye wimbo anaweza kudai mapato ya video hiyo, hata kama watu wamekuja kukutazama wewe. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na sehemu hiyo ya hakishiriki inamlinda mwonyeshaji mwenyewe, si mtunzi tu. Ni wachache wanaoifundisha. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilipotoka na ada ya leseni ya shilingi milioni moja, juu ya ada ya maombi, waliopaza sauti ni waendeshaji wa blogu na mashirika ya haki. Sisi wa idara za sanaa hatukusikika.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, mwanafunzi wa uigizaji aruhusiwe kuleta video zake kwenye mtihani wa vitendo, tuzikalie kitako na kuzikosoa kwa ukali uleule tunaoutumia ukumbini. Pili, wenzetu wa Kitivo cha Sheria wakae nasi meza moja, mara moja kwa wiki, kuwasomea vijana mikataba kwa Kiswahili, wawe wanafunzi wa hapa au wa mtaani. Meza hiyo inaweza kuanza ofisini kwangu, Jumatano mchana, muhula huu. Njoo na karatasi yako kabla hujaisaini.