Behewa la Kale na Njia Mpya
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, tawi la karakana)



Kamati imetuomba tuseme machache juu ya jambo ambalo limewatia wenzetu wa chumba cha kuchorea wasiwasi mwingi. Kompyuta mpya zimeletwa, na programu za kale ambazo tumechorea miaka mingi zimekataa kufanya kazi ndani yake. Tayari watu wameanza kusema, "Programu imekufa, na aliyeizoea naye aende nyumbani." Ndugu, maneno hayo si kweli, na leo twataka kuonyesha kwa nini.

Sisi watu wa Reli twaweza kulifahamu jambo hili upesi. Reli ya kale, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ina upana wa milimita 1,000. Reli mpya ya kutoka Mombasa mpaka Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina upana wa milimita 1,435. Behewa la njia ya kale haliwezi kupita juu ya njia mpya. Je, behewa limeharibika? La. Njia ndiyo iliyobadilika upana. Wala hatutupi mzigo kwa sababu hiyo, twauhamisha.

Kompyuta ni vivyo hivyo. Tuchukue mfano wa AutoCAD Release 14, iliyotoka mwaka 1997, wakati wa Windows 95 na Windows NT. Kompyuta za siku hizi ni za biti 64. Windows ya biti 64 huzikubali programu nyingi za biti 32, lakini za biti 16 haizikubali kamwe. Sasa angalieni: programu nyingi za miaka ile zenyewe ni za biti 32, ila ile programu ndogo ya kuziingiza katika kompyuta ni ya biti 16. Basi mwenye nyumba hana kosa, bali bawabu wake ndiye anayezuiliwa mlangoni. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haina toleo la biti 32 hata moja. Na kwa kuwa Windows 10 ilikoma kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ofisi nyingi zimelazimika kuhama.

Ziko sababu nyingine mbili. Ya kwanza, programu za kale huandika mipango yao ndani ya folda yao wenyewe. Tangu Windows Vista, mwaka 2007, jambo hilo lataka ruhusa. Ya pili, nyingine zilifungwa kwa ufunguo uliochomekwa katika tundu la printa, na kompyuta mpya hazina tundu lile.

Dawa ni nini? Kwanza, jaribuni njia fupi: katika Windows pana mahali pa kuiagiza programu ifanye kazi kana kwamba iko katika Windows ya zamani. Hii husaidia mara nyingine, lakini haiwezi kuigeuza biti 16 kuwa 64. Pili, tengenezeni kompyuta ndani ya kompyuta. Programu kama VirtualBox hukuwezesha kuweka Windows ya kale ndani ya ile mpya, na humo AutoCAD ya zamani hukaa kama kwao. Lakini Windows ile ya kale yataka leseni yake halali. Tena msiiunganishe na mtandao, kwa maana Windows XP, kwa mfano, ilikoma kutengenezwa mwaka 2014, na mlango wake u wazi kwa wezi.

Tatu, na hii ndiyo kubwa: hamisheni mzigo. AutoCAD mpya hufungua michoro ya kale ya DWG, lakini ya kale haiwezi kufungua michoro iliyohifadhiwa kwa mtindo mpya. Mkitaka kujua umri wa faili, ifungueni kwa Notepad mtazame herufi sita za mwanzo. AC1014 ni ya Release 14. AC1015 ni ya AutoCAD 2000. Kisha ifungeni bila kubadili kitu.

Lakini kufungua si kumaliza kazi. Katika karakana moja, ambayo hatutaitaja, tulihamisha mchoro wa pini ya breki. Ukafunguka vizuri, kila mtu akafurahi. Mzee mmoja, aliyechora tangu enzi za karatasi na wino, akatuambia, "Vijana, pimeni." Tukapima. Faili ya herufi, ile yenye mkia wa SHX, haikuja pamoja na mchoro. Alama ya kipenyo ilikuwa imegeuka alama ya kuuliza. Fundi wa kukereza chuma angeweza kufanya kipenyo kuwa nusu kipenyo, na pini ile hushika breki ya behewa lenye watu. Mzee yule ndiye aliyekuwa ameambiwa kwamba hahitajiwi tena.

Kwa hiyo, ndugu, twaomba Chama kiwapelekee wakubwa mambo matatu. Kompyuta ya kale isitupwe mpaka kila mchoro uwe umehamishwa, umepimwa, na kutiwa sahihi na mtu aujuaye. Michoro ihamishwe pamoja na faili zake za herufi na michoro mingine iliyoungwa nayo. Na wale waliozoea programu ya kale wafundishwe ile mpya katika saa za kazi, wala wasihesabiwe kama chuma chakavu.

Nasi pia tuna wajibu. Mtu asikatae kujifunza kwa kuwa amezoea. Hatuombi programu ya kale ikae milele. Twaomba kazi iliyomo isipotee, wala mtu aliyeifanya. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Tukauchukue msala mpya, ndiyo, lakini mbacha tusiutupe kabla hatujaona tutakalia nini.