Mkono Ndani ya Lundo la Nafaka

 

Ndugu zangu Waislamu. Amepokea Abu Huraira, Mungu amwie radhi, kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye lundo la nafaka, akatia mkono ndani, na vidole vyake vikatoka na majimaji. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa, watu wakaiona. Kisha akabainisha kwamba mdanganyifu si katika kundi lake.

Leo mkono huo hutiwa lundoni na serikali. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Baada ya siku chache mlango ulifunguliwa kwa sharti: shehena iwe na cheti kwamba sumu hiyo haizidi sehemu 10 katika bilioni moja. Cheti kina gharama, na mkulima mdogo huiona nzito, hilo hatulikatai. Lakini tazameni. Aliyeanika mahindi yake juu ya turubai siku nyingi alikuwa akipewa bei ileile ya aliyeyapakia mabichi, kwa kuwa sumukuvu haitambulikani kwa macho. Sharti likaja kuwatenganisha. Kanuni ambayo mlaghai huikimbia, mwaminifu huifanya shahidi wake mbele ya mnunuzi.

Nanyi ndugu zetu wa Mbuba, na wa Ngara na Biharamulo kwa jumla, mna Rusumo ya kuendea Rwanda na Kabanga ya kuendea Burundi. Kipimo cha Afrika Mashariki ni kimoja: unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Majirani wanaweza kuchangia mashine moja ya kupimia. Asiyekuwa nayo aanze kwa njia ya nyumbani: atie punje na chumvi kavu katika chupa kavu, aitikise vizuri, aiache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi hayo yarudi juani, hata kama lori la mnunuzi limekwisha kufika mlangoni.